Mazoea na namna yanavyotuendesha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila yanapozuka mazungumzo juu ya mazoea. Yanaulizwa na anayetaka kuacha sigara, na anayetaka kunywa dawa bila kusahau, na mzazi anayegombana na mwanawe juu ya simu. Kila jibu linajitosheleza. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Mazoea ni nini hasa? Kila ninachokifanya mara kwa mara ni mazoea?

Hapana. Mazoea ni kitendo kinachoanza chenyewe unapokutana na hali uliyokwisha kuizoea: mahali fulani, saa fulani, mtu fulani, hisia fulani, au kitendo kingine kilichotangulia. Unaingia chumbani na mkono unaifuata swichi kabla hujaamua kuwasha taa. Umeme ukiwa umekatika unabonyeza vilevile, ingawa dakika mbili zilizopita ulikuwa nje ukilalamika na jirani kwamba umeme hakuna. Mkono haukusubiri habari hiyo.

Vitu vitatu huungana hapo: kichocheo (kile kinachoamsha), kitendo chenyewe, na malipo, yaani raha au nafuu iliyokuwa ikifuata kitendo hicho siku za mwanzo.

Kulipa kodi ya nyumba kila mwezi ni jambo linalojirudia, lakini si mazoea kwa maana hii. Unahesabu, unapanga, pengine unaomba wiki moja zaidi. Ukitaka kujua kama jambo limekuwa mazoea, jiulize: linaanza bila mimi kuliamua?

2. Ni sehemu gani ya siku yangu inaendeshwa na mazoea?

Kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani Wendy Wood na wenzake walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo waliandika, saa baada ya saa, wanachofanya na wanachowaza. Takriban asilimia 43 ya matendo yao yalikuwa yale wanayoyafanya karibu kila siku, kwa kawaida mahali palepale, na mara nyingi akili ilikuwa kwingine kabisa.

Hao walikuwa wanafunzi, watu ambao ratiba zao hubadilika. Mama ntilie anayewasha jiko saa kumi alfajiri siku sita za wiki, si ajabu sehemu yake ikawa kubwa zaidi.

3. Ubongo unafanya nini wakati mazoea yanajengeka?

Jambo likiwa geni, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga na kupima, ndiyo inayobeba kazi. Kadiri linavyorudiwa, usukani unahamia taratibu kwenye viini vilivyo ndani zaidi, viitwavyo ganglia za basali. Ann Graybiel na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, waliwafundisha panya kukimbia kwenye njia yenye umbo la herufi T ili wapate chakula. Siku za mwanzo seli zilizopimwa kwenye viini hivyo zilichangamka njia nzima. Panya walipozoea, zilichangamka mwanzoni na mwishoni mwa safari, na katikati zikatulia. Mlolongo mzima wa hatua ulikuwa umefungwa ukawa kitu kimoja: ukishaanza, unaenda hadi mwisho.

Jambo la pili ni dopamini, kemikali inayosemwa sana siku hizi na kueleweka kidogo. Miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alipima seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Mwanzoni seli zilichangamka nyani alipopata maji hayo. Alipojifunza kwamba taa fulani hutangulia maji, seli zikaanza kuchangamka taa inapowaka, na maji yalipokuja hazikushtuka tena. Maji yasipokuja, zilishuka chini ya kawaida yake. Kwa hiyo dopamini hufuata zaidi matarajio kuliko raha yenyewe. Ndiyo sababu harufu ya sigara ya mwenzako inakusumbua zaidi kuliko sigara yenyewe inavyokuridhisha ukishaiwasha.

Uwezo huu ni neema. Bila huo, kufunga kamba za viatu kungekuchosha kila asubuhi kama siku ya kwanza ulipofundishwa.

4. Kwa nini naendelea kufanya jambo ambalo hata silifurahii tena?

Kwa sababu mazoea yakishakomaa hayaulizi kama malipo bado ni matamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Cambridge, Uingereza, akiwamo Anthony Dickinson, waliwafundisha panya kubonyeza kitufe ili wapate chakula, kisha wakakifanya chakula kilekile kiwachafue tumbo. Panya waliokuwa wamebonyeza kwa muda mfupi waliacha. Waliokuwa wamebonyeza kwa muda mrefu sana waliendelea, ingawa chakula chenyewe hawakukitaka tena.

Binadamu nasi tumo. Mwaka 2011 David Neal, Wendy Wood na wenzao walichapisha jaribio ambalo watu waliokwenda kutazama filamu walipewa bisi. Baadhi walipata bisi mpya, wengine zilizokaa wiki nzima hadi zikachacha. Wale ambao kila wakienda sinema hula bisi walikula zile mbovu karibu sawa na nzuri, na wenyewe walisema hazina ladha. Kwenye chumba cha mikutano, watu wa namna hiyohiyo waliziacha. Na hata palepale sinema, walipotakiwa kula kwa mkono wasiouzoea, waliziacha pia.

Tafadhali usilipite haraka jaribio hili, kwa maana ndilo linalobeba karibu kila kitu kinachofuata. Watu walikuwa wa namna ileile na nia ileile. Kilichobadilika ni mahali, na mkono.

## Kujenga mazoea mapya

5. Ni kweli siku 21 zinatosha?

Hapana, na dai hili limewakatisha tamaa watu wengi wasio na kosa. Lilitoka kwa daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Hakuwa akipima mazoea. Wasimuliaji waliomfuata waliangusha neno "angalau", na kuzoea pua mpya kukageuka kuwa kujenga mazoea yoyote.

Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha UCL, London, walilipima jambo lenyewe. Watu 96 walichagua kila mmoja kitendo kimoja kidogo, kama kunywa maji na mlo au kukimbia kabla ya chakula cha jioni, wakakifuatilia kwa wiki 12. Kwa wale ambao takwimu zao zilionyesha mazoea yakijengeka vizuri, muda wa kati hadi kitendo kifikie kilele cha kujiendesha ulikuwa siku 66. Lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kutoka siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kunywa maji kulishika mapema. Mazoezi ya mwili yalichelewa.

Kwa hiyo ukifika siku ya 22 na bado unajisukuma, hujashindwa. Uko pale ambapo wengi huwa.

6. Nikikosa siku moja, nianze kuhesabu upya?

Usianze upya. Katika utafiti huohuo wa London, kukosa nafasi moja hakukuathiri kwa kiasi cha maana kujengeka kwa mazoea.

Hatari iko kwenye maneno tunayojiambia baada ya kukosa. Janet Polivy na Peter Herman, watafiti waliofanya kazi Toronto, Kanada, walieleza namna watu wanaojibana kula wanavyolegea kabisa mara wanapoona wamevunja sharti lao. Andazi moja asubuhi, mtu anasema "leo nimeshaharibu", na kutwa nzima inakwenda na hilo andazi. Andazi moja ni andazi moja. Mlo unaofuata uendelee kama ulivyopangwa.

7. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku bila kukosa, kisha funga kitendo kipya hapo. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeshughulikia jambo hili tangu miaka ya 1990, alionyesha kwamba kusema "nitafanya mazoezi zaidi" kunazaa matunda machache kuliko kusema "nikishafanya jambo fulani, mahali fulani, basi nitafanya hiki". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mbinu hii na kukuta inasaidia kwa kiwango cha kati hadi kikubwa.

Sisi tuna vichocheo vizuri ambavyo havihitaji simu. Adhana inasikika mara tano kwa siku. Kuna kengele ya kanisa, taarifa ya habari ya saa mbili usiku, maji ya chai yanayosubiriwa yachemke. "Nikishatoa salamu ya swala ya Alfajiri, kabla sijainuka kwenye mswala, nitasoma kurasa mbili." "Nikishabandika sufuria ya chai, nitameza dawa ya presha." Chagua kitendo kidogo kiasi kwamba hata siku ya homa ungekiweza. Watu hudharau udogo huu, na mimi naona hapo ndipo wengi wanapokosea: wanataka kitendo cha kuvutia, kumbe mwanzoni kinachojengwa ni muungano kati ya kichocheo na kitendo, na muungano huo haujali ukubwa.

Kichocheo kiwe kitu kimoja kilicho wazi. "Jioni" si kichocheo. "Nikivua viatu mlangoni" ni kichocheo.

8. Najua kila kitu kuhusu afya yangu. Mbona sifanyi?

Kujua na kuzoea vinakaa sehemu tofauti za ubongo (rudi swali la 3). Elimu inaweza kukufanya utake. Haitoshi kufanya mkono uende.

Magharibi mwa Kenya, dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa ilikuwa ikiuzwa kwa bei ndogo na watu walijua faida yake, lakini waliokuwa wakiitumia nyumbani walikuwa wachache. Watafiti, akiwamo Michael Kremer aliyekuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walijaribu kuiweka klorini ya bure palepale kisimani, kwenye chombo chenye bomba linalotoa kipimo cha ndoo moja. Matumizi yakapanda hadi zaidi ya nusu ya kaya. Ukimaliza kuteka, chombo kiko mbele ya macho yako. Unageuza bomba, unajitwisha ndoo, na maji yanachanganyika na dawa wakati unatembea. Jirani naye anakuona. Kumbukumbu imehama kutoka kichwani mwa mama mwenye shughuli kumi, ikawekwa kisimani.

Tanzania nayo ina mfano ambao unastahili kukumbukwa zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa njia ya redio, lakini haikuishia kwenye redio. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vinavyofuga mbu. Habari ilikuja ikiwa na mahali, saa, wenzako na jembe.

9. Kengele ya simu au ujumbe wa kukumbusha unasaidia?

Unasaidia, ila kwa namna isiyotarajiwa. Kenya kulifanyika majaribio mawili ya ujumbe mfupi kwa watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU. Katika moja, lililochapishwa mwaka 2010, wauguzi waliwatumia wagonjwa mara moja kwa wiki neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida", na aliyejibu shida alipigiwa simu. Waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa ujumbe. Katika jaribio la pili, la mwaka 2011, ujumbe wa kila wiki ulisaidia na ule wa kila siku haukusaidia.

Kinachokuja kila siku huzoeleka hadi kisisikike. Sote tumewahi kuzima kengele ya simu tukiwa usingizini. Neno "Mambo?" lilileta kitu ambacho kengele haina: kuna mtu upande wa pili anayengoja jibu. Nikilazimika kuchagua, ningemchagua dada mmoja anayeuliza hali yangu kila Jumatatu.

10. Nijipe zawadi nikifanya vizuri?

Ndiyo, lakini iwe ya papo hapo na iwe ndani ya tendo lenyewe ikiwezekana. Nguo mpya mwisho wa mwezi iko mbali mno kuunganika na kitendo cha leo asubuhi. Kutembea huku ukisikiliza kipindi unachokipenda, na kukisikiliza wakati wa kutembea tu, kunaunganika vizuri.

11. Nataka kuzoea kuweka akiba, lakini pesa haikai. Nifanye nini?

Ipe pesa jina na mlango mgumu kidogo. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti magharibi mwa Kenya na kuuchapisha mwaka 2013. Waliwapa watu kisanduku cha chuma chenye kufuli na tundu la kutumbukizia pesa, na ufunguo walibaki nao watu hao wenyewe. Hakikuwa na riba wala ulinzi wowote zaidi ya kufuli. Hata hivyo, walioambiwa waweke humo pesa za mambo ya afya walitumia zaidi kwa vitu kama vyandarua kuliko wasiopewa. Pesa iliyo mfukoni ni ya kila anayeomba. Iliyo kwenye kisanduku ina kazi yake, na unapata neno la kumjibu shemeji bila kugombana.

Kibubu cha udongo, mchezo wa kupeana na VIKOBA vinafanya kazi hii tangu zamani. Ongeza kichocheo (swali la 7): kabla ya kufunga biashara, kabla ya kuhesabu faida, sehemu ile inaingia.

## Kuacha mazoea ya zamani

12. Nikisafiri naacha kabisa, nikirudi nyumbani naanza tena. Nina kasoro gani?

Huna kasoro. Umehama vichocheo, kisha umevirudia.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Kufikia mwaka 1971 wengi walikuwa wakitumia heroini kule, na Lee Robins, aliyepewa kazi ya kuwafuatilia, alikuta kwamba takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu. Wakuu wa serikali waliogopa wimbi la waraibu kurudi mitaani. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni takriban asilimia 5 tu ya waliokuwa waraibu waliorudia uraibu. Zipo sababu nyingi: nyumbani heroini ilikuwa ghali na adimu, vita ilikuwa imewaishia, familia zilikuwa karibu. Lakini mojawapo ni kwamba kambi, wenzao na hofu zilizoamsha matumizi hayo zilibaki ng'ambo ya bahari.

Waraibu wetu hapa hutibiwa mbali, wakapona kweli, kisha wakarudishwa kijiwe kilekile na marafiki walewale. Wanapoanguka tunasema walikuwa hawajataka kupona. Maneno hayo ni ya kuonea. Kama kuna uwezekano, kwa miezi ya kwanza mtu akakae kwa shangazi mtaa mwingine.

13. Kwa hiyo kuhama nyumba au kubadili kazi ni wakati mzuri wa kubadilika?

Mzuri sana, ila dirisha hufunga. Bas Verplanken, aliyefanya utafiti wake Uingereza, amekuta kwamba watu waliohama karibuni hupokea mabadiliko kwa urahisi kuliko wasiohama, hasa miezi mitatu hivi ya mwanzo. Panga kabla ya kuhama: simu italala wapi, chumvi itakaa wapi, njia ya kutembea kwenda kituoni ni ipi.

Hata misukosuko hufundisha. Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi London waligoma kwa siku mbili, baadhi ya vituo vikafungwa, abiria wakalazimika kutafuta njia nyingine. Mgomo ulipokwisha, takriban asilimia 5 yao hawakurudi kwenye njia ya zamani. Miaka yote walikuwa wakipita njia isiyo bora kwao, na hawakuwa wamewahi kujaribu nyingine.

14. Tatizo langu si nia dhaifu tu?

Naomba uache kujiambia hivyo. Kwa muda mrefu wanasaikolojia walifundisha kwamba nia ni akiba inayopungua ikitumiwa, kufuatia jaribio la Roy Baumeister la mwaka 1998. Mwaka 2016 maabara zaidi ya 20 zilipima wazo hilo kwa pamoja, kwa jaribio la namna nyingine, na hazikupata athari ya maana. Mjadala haujafungwa, lakini nadharia imetikisika.

Kilichosimama imara zaidi ni hiki: watu tunaowaona wana nidhamu kubwa hawashindani na vishawishi kutwa nzima. Wilhelm Hofmann na wenzake waliwafuatilia watu wa Ujerumani katika maisha ya kila siku na kukuta kwamba wenye nidhamu ya juu huripoti vishawishi vichache. Brian Galla na Angela Duckworth, mwaka 2015, walionyesha kuwa nidhamu yao inapita kwa kiasi kikubwa kwenye mazoea mazuri. Mtu asiyekunywa soda kwa kawaida hana kreti ya soda sebuleni.

15. Ramadhani mchana sikugusa sigara mwezi mzima. Mbona siku ya Idi nilirudia?

Kwa sababu mchana wa Ramadhani karibu vichocheo vyako vyote viliondoka kwa pamoja. Chai ya saa nne haikuwapo, kahawa ya barazani haikuwapo, na hakuna aliyekunyooshea pakiti. Usiku, baada ya futari, huenda uliendelea, na hivyo muungano ulibaki hai. Idi mosi baraza likarudi lilivyokuwa, na mkono nao.

Umepata hata hivyo ushahidi mkubwa: mwili wako unaweza kukaa saa 13 bila sigara. Mwaka ujao shughulikia usiku wa Ramadhani, halafu ipangie Idi kabla haijafika kwa mtindo wa swali la 7. Utakaa wapi, utashika nini mkononi kahawa ikija, utamwambia nani asikupe. Nikotini ina mambo yake pia. Tazama swali la 20.

16. Kwa nini simu na kubeti vinashika kuliko vitu vingine?

Kwa sababu malipo yake hayatabiriki. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha zamani kwamba mnyama anayelipwa kila anapobonyeza huacha upesi malipo yakikoma, lakini anayelipwa mara moja moja bila mpangilio hubonyeza kwa muda mrefu mno bila kupata kitu. Ukifungua simu, mara nyingi hakuna la maana. Mara moja moja lipo. Hiyo mara moja moja ndiyo inayokufungulisha tena.

Kubeti kumeongeza jambo la pili. Luke Clark na wenzake wa Cambridge waliripoti mwaka 2009 kwamba kukosa kwa karibu sana huchangamsha sehemu za ubongo zinazochangamshwa na ushindi, na huongeza hamu ya kuendelea kucheza. Mkeka uliochanwa na timu moja ni hasara kamili, sawa na uliochanwa na timu saba. Ubongo haupokei hivyo, unaambiwa "kesho". Vijana wengi wanaodhani wanakaribia kushinda wako mahali palepale walipoanza, pesa ikiwa imekwenda.

Cha kufanya kinafuata jaribio la bisi (swali la 4): fanya mkono ushindwe kwenda wenyewe. Futa programu ya kubeti. Usiache pesa kwenye akaunti ya mchezo, na omba kampuni ikufungie akaunti pale inapowezekana. Simu ilale chumba kingine, na ununue saa ya kawaida ya kukuamsha ili isiwe na kisingizio cha kulala kitandani.

17. Natafuna kucha na sijui hata nimeanza saa ngapi. Nitaachaje kitu nisichokiona?

Kwanza kione. Nathan Azrin na R. Gregory Nunn walitoa mwaka 1973 matibabu ambayo bado yanatumika kwa kutafuna kucha, kung'oa nywele na mitikisiko ya mwili isiyo ya hiari. Hatua ya kwanza ni kujifunza kutambua mwanzo kabisa wa tendo: mkono unapoinuka, siyo ukiwa mdomoni. Kisha unaweka tendo lisiloweza kwenda pamoja na lile, kama kukunja ngumi kwa dakika moja au kushika kalamu. Mwombe wa karibu yako akuambie kwa upole anapokuona. Kwa upole, maana aibu yenyewe huwa kichocheo.

18. Mazoea ya zamani hufutika kabisa?

Kwa kawaida hapana. Hulala. Tangu siku za Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, imejulikana kwamba mwitikio uliozimwa unaweza kurudi baada ya muda, na kazi za mtafiti Mark Bouton zimeonyesha kwamba kuacha ni kujifunza jambo jipya juu ya lile la zamani, na jambo hilo jipya hushikamana sana na mahali ulipojifunzia. Ndiyo maana aliyeacha sigara miaka 10 anaweza kuitamani ghafla kwenye msiba, akikutana na wenzake wa zamani. Tamaa hiyo haimaanishi kuacha kwako kulikuwa kwa uongo.

## Hali za pekee

19. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nina miaka 58, nimechelewa?

Hujachelewa. Watu wazima hujenga mazoea mapya kila wanapopata simu mpya, mjukuu, au dawa ya kisukari. Kinachotofautiana ni kwamba wewe una mazoea mengi ya zamani yanayogombea vichocheo vilevile. Usijaribu kuacha chai ya saa kumi. Ibakishe, na ubadilishe kilicho ndani ya kikombe, kijiko cha sukari kimoja kwa wakati.

20. Uraibu ni mazoea tu yaliyozidi?

Mazoea ni sehemu yake, siyo yote. Nikotini, pombe na heroini hubadilisha mwili wenyewe hadi ukidai. Kubadili mazingira kunasaidia, lakini mwenye uraibu mara nyingi anahitaji pia dawa na ushauri. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ina kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, tangu mwaka 2011, na mgonjwa kwa kawaida hunywa dozi yake kila siku palepale kituoni, mbele ya mhudumu.

Na hili lisomwe kwa makini: mtu anayekunywa pombe nyingi kila siku asiache ghafla peke yake. Kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo na degedege vinaweza kumuua. Aende hospitali kwanza, aache akiwa mikononi mwa wahudumu.

21. Nakagua kufuli mara nyingi kabla ya kulala. Ni mazoea?

Ukikagua mara moja bila kufikiri na ukalala, ni mazoea. Ukikagua kwa hofu, ukarudi tena na tena, na nafuu ikadumu dakika chache tu, huenda ni ugonjwa wa wasiwasi unaotibika. Mbinu za ukurasa huu si zake. Mwone mtaalamu wa afya ya akili.

22. Nitambadilishaje mume wangu, au mwanangu?

Maneno yako, ukiyarudia kila siku, yatakuwa kama ile kengele ya swali la 9. Una uwezo zaidi juu ya nyumba kuliko juu ya mtu. Matunda yaliyomenywa na kuwekwa mezani huliwa. Yaliyo ndani ya mfuko husahauliwa. Chaja zote zikikaa sebuleni, simu ya kijana italala sebuleni, mradi yako nayo ilale hapo. Usimfanyie mtu mzima mpango kwa siri: mwambie unachobadilisha na kwa nini, kisha mpange pamoja.

23. Bibi yetu amepoteza kumbukumbu. Hajui leo ni siku gani, lakini bado anapika chai vizuri. Inawezekanaje?

Kumbukumbu za matukio na mazoea hutunzwa na sehemu tofauti za ubongo. Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kifafa mwaka 1953, akapoteza uwezo wa kuhifadhi matukio mapya. Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akitazama kwenye kioo, siku baada ya siku. Mkono wake uliendelea kuimarika, ingawa kila siku alisema hajawahi kuifanya. Kwenye ugonjwa wa Parkinson hali huelekea kuwa kinyume: ganglia za basali huathirika, na vitendo vilivyokuwa vikijiendea huanza kuhitaji kufikiriwa.

Kwa bibi, hii ina maana ya vitendo. Msipange upya jiko lake. Majani ya chai, sukari na vikombe vikae pale vilipokaa miaka yote, kwa sababu mahali hapo ndipo panapomwongoza. Msimpeleke kukaa kwa kila mtoto kwa zamu ya wiki mbili mbili mkidhani mnamsaidia. Kila nyumba mpya inamnyang'anya anachokiweza bado. Moto ndio usalie mikononi mwenu: anaweza kubandika sufuria kwa mazoea na akasahau kuwa ameibandika. Basi awepo mtu jikoni, na mtungi wa gesi ufungwe kila baada ya matumizi.